KARAFUU KATIKA JIKO LA WASWIDI: Jinsi Mapishi ya Wageni Yalivyogeuka Kuwa ya Wenyeji



Swali moja halituishi masikioni: hao wanunuzi wa ng'ambo karafuu zetu huzifanyia nini? Mkulima amepalilia, amepanda juu ya mkarafuu roho mkononi, amechuma, amechambua, ameanika siku nne au tano huku jicho moja li juani na jingine li mawinguni, kisha amepeleka kituoni na kupimiwa. Gunia likisha kupakiwa melini, habari zake hazijui tena. Wako wasemao kuwa karafuu zote hukamuliwa mafuta ya dawa za meno, na wako wasemao kuwa zote hutiwa katika sigara. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima. Ziko karafuu ziendazo jikoni, tena katika majiko ambayo hatuyadhanii.

Safari hii tumechagua jiko moja la mbali, nalo ni la nchi ya Uswidi. Sababu ya kulichagua ni hii. Waswidi hawana mkarafuu, wala mdalasini, wala hiliki, wala pilipili manga. Nchi yao haiwezi kuotesha hata mmoja wa miti hiyo. Hata hivyo, ukimwuliza Mswidi akutajie harufu ya nyumba ya wazazi wake wakati wa Krismasi, bila shaka karafuu itakuwamo katika jawabu lake. Imekuwaje kiungo cha nchi za joto kikawa cha asili katika nchi ya barafu? Habari hiyo ina faida kwetu sisi tunaoishi kwa zao hili.

CHAKULA CHA NCHI YA BARIDI

Uswidi ni nchi ndefu iliyo kaskazini ya Ulaya, nayo ina watu zaidi ya milioni 10. Kipupwe chake ni kirefu, na katika sehemu za kaskazini kabisa jua halichomozi siku nyingi katika Desemba. Basi tangu zamani kazi kubwa ya mama wa nyumba wa Kiswidi ilikuwa kuweka chakula cha kiangazi kiweze kuliwa hadi kiangazi kingine. Samaki walitiwa chumvi au wakakaushwa. Nyama ilifukizwa moshi. Maziwa yaligeuzwa jibini na siagi. Mkate wa shayiri au wa ngano nyeusi iitwayo rai ulifanywa mwembamba na mkavu, ukatobolewa tundu katikati, ukatungwa juu ya mti darini, ukakaa miezi.

Viungo vyao wenyewe vilikuwa vichache: kitunguu, haradali, kisibiti na majani ya bustanini. Hata chumvi ilikuwa taabu kuipata, kwani bahari yao ya Baltiki ina maji yasiyo na chumvi nyingi, na jua la kuyakausha halitoshi. Kwa uhaba huo wa chumvi watu wa pwani ya kaskazini walizoea kutia samaki chumvi kidogo tu na kuwaacha wachachuke. Samaki hao huliwa hata leo, na harufu yao ni kali hata watu huwafungulia nje ya nyumba.

Chakula hicho cha nyumbani Waswidi hukiita husmanskost. Kila mmoja wao hujua kilivyo, na hukisifu kuwa ni cha mababu. Lakini mtu akikipekua sahani baada ya sahani, hukuta kuwa nusu yake ililetwa na wageni.

WAJERUMANI WALETA CHUMVI NA VIUNGO

Wageni wa kwanza wenye athari kubwa walikuwa Wajerumani. Tangu karne ya 13 wafanyabiashara wa umoja wa miji ulioitwa Hansa, ambao mji wao mkubwa ulikuwa Lübeck, walikuwa wakienda Stockholm na Visby. Walipeleka chumvi kutoka Lüneburg, nguo na viungo, wakarudi na siagi, samaki, chuma na shaba. Walikaa wakaoa, hata ikawa kwa sheria nusu ya viti vya baraza la mji wa Stockholm ni vya Wajerumani; sheria hiyo iliondolewa 1471.

Alama yao imebaki katika maneno ya jikoni. Neno la Kiswidi la kiungo, krydda, limetoka katika Kijerumani cha pwani. Na karafuu yenyewe huitwa nejlika au kryddnejlika, neno ambalo asili yake katika lugha hiyo ya Kijerumani ni “msumari mdogo”. Sisi tulipata jina la karafuu kwa Waarabu wasemao qaranful. Waswidi walipata lao kwa Wajerumani walioitazama wakaona kichwa na mwili mwembamba, wakasema ni msumari. Kila taifa lilipokea jina pamoja na kiungo kutoka mkono uliokileta.

Wajerumani ndio pia waliofundisha utengenezaji wa soseji. Katika mji wa Falun palikuwa na machimbo makubwa ya shaba, na kamba za kuvutia mawe zilifanywa kwa ngozi za ng'ombe. Ng'ombe walichinjwa wengi kwa ajili ya ngozi, nyama ikazidi. Mafundi wa Kijerumani waliokuwa machimboni walijua namna ya kuifukiza na kuifanya soseji, na hivyo ikazaliwa falukorv, ambayo leo ni chakula cha kila siku cha watoto wa Kiswidi.

Hata zile biskuti nyembamba za Krismasi, pepparkakor, zilitoka Ujerumani. Jina lake ni “keki za pilipili”, kwa kuwa zamani pilipili manga ilitiwa ndani yake. Yasemekana kuwa katika karne ya 15 watawa wa kike wa Vadstena waliziandaa kuwa dawa ya tumbo. Wakati huo viungo vilikuwa vya wafalme, maaskofu na matajiri. Mkulima wa kawaida huenda alizaliwa na kufa bila ya kuonja karafuu.

MFALME ALIYERUDI NA DENI NA DOLMA

Kisa cha pili ni cha Mfalme Karl XII. Mwaka 1709 alishindwa na Warusi katika vita vya Poltava, akakimbilia katika himaya ya Sultani wa Uturuki. Alikaa Bender, na watu wake wengi pamoja naye, mpaka 1713 yakatokea mapigano baina yake na wenyeji wake waliokwisha kuchoka na ugeni huo. Waturuki waliita ghasia kwa neno lao la umati, nalo likaingia katika Kiswidi: hata leo Mswidi akiona fujo husema kalabalik. Mfalme aliondoka 1714, akiacha madeni makubwa, na wadai wake wakamfuata hadi Uswidi, wakakaa huko miaka mingi wakingoja kulipwa.

Waswidi huamini kuwa kwa njia hiyo ndipo dolma ilipoingia kwao. Waturuki hufunga nyama ya kusaga na mchele katika majani ya mzabibu. Mizabibu haistawi katika baridi ile, kwa hiyo Waswidi wakatumia majani ya kabeji, na chakula kikaitwa kåldolmar, yaani dolma za kabeji. Mwandishi wao mashuhuri wa mapishi, Cajsa Warg, ambaye kitabu chake kilitoka mara ya kwanza 1755, aliwafundisha wanawake wa karne hiyo kupika dolma. Leo huliwa pamoja na mbatata, mchuzi mzito na jamu ya tunda jekundu la porini, mambo ambayo Mturuki angeyashangaa.

Mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi ya Uswidi katika mtandao wa Twitter iliandika kuwa hata kababu zao maarufu, köttbullar, asili yake ni mapishi ambayo mfalme huyo aliyarudisha kutoka Uturuki. Watu wengi walicheka, wengine walikasirika, na wataalamu wa mapishi walibisha, kwani nyama ya kusaga iliyofanywa madonge hupatikana katika nchi nyingi. Lakini mabishano yenyewe yalionyesha jinsi watu wanavyoona uchungu wakiambiwa kuwa chakula cha mama zao kina babu wa kigeni.

Jambo hilo limefika hata katika siasa. Karl XII aliuawa vitani tarehe 30 Novemba 1718, na siku hiyo baadaye ilitumiwa na watu wenye siasa ya kuwachukia wageni kufanya maandamano yao. Tangu 2010 Waswidi wengine wameifanya siku hiyo hiyo kuwa siku ya dolma za kabeji. Hupika, hula, na hukumbushana kuwa mfalme huyo mwenyewe aliishi kwa ukarimu wa wageni na chakula cha wageni kikarudi naye.

MELI ZA GÖTEBORG

Mnamo 1731 ilianzishwa Kampuni ya Kiswidi ya India ya Mashariki, makao yake yakiwa Göteborg. Mpaka ilipokwisha 1813 ilikuwa imefanya safari 132, nyingi za kwenda Canton katika Uchina. Meli zilirudi na chai, vyombo vya kaure, hariri na viungo. Mmoja wa merikebu zake, Götheborg, ulizama 1745 karibu kabisa na bandari yake, baada ya safari iliyochukua zaidi ya miaka miwili.

Hata hivyo katika siku hizo karafuu yenyewe ilikuwa imeshikwa na Waholanzi. Wao walikuwa wamekusanya kilimo chake katika Ambon na visiwa vilivyo jirani, na mikarafuu iliyoota kwingine katika Maluku waliikata makusudi ili bei isishuke. Mswidi aliyetaka karafuu alilipa bei iliyopangwa na Mholanzi. Kufuli hilo lilivunjwa na Wafaransa walioiba miche, wakaifikisha Mauritius 1770. Na kutoka visiwa vya upande huo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Pemba. Karne hiyo ndiyo karafuu iliposhuka bei, ikatoka meza ya mfalme na kuingia kabati la mkulima. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kujisifu kupita kiasi kwamba visiwa vyetu vilichangia kuifanya biskuti ya Krismasi kuwa ya kila mtu.

MBATATA NA KAHAWA

Isidhaniwe kuwa kila kigeni kilipokewa kwa furaha. Mbatata zilizotoka Amerika zilitangazwa na bwana Jonas Alströmer, aliyezipanda huko Alingsås 1724, lakini watu walizidharau. Mwaka 1748 bibi Eva Ekeblad alieleza namna ya kufanya unga na pombe kwa mbatata, na Chuo cha Sayansi kikamfanya mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wake. Askari waliorudi kutoka vita vya Pomerania, vilivyokwisha 1762, waliongeza mazoea ya kuzila. Leo Mswidi bila mbatata ni kama sisi bila wali na muhogo. Na muhogo nao, tukumbuke, ulitoka Amerika.

Kahawa nayo ilipigwa marufuku mara kwa mara, mara ya kwanza 1756, na marufuku ya mwisho iliondoka katika miaka ya 1820. Serikali iliona fedha nyingi zinatoka nje. Watu waliendelea kunywa kwa siri, na leo Waswidi ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani. Mapumziko yao ya kahawa huyaita fika, neno lililofanywa kwa kupindua silabi za jina la zamani la kahawa, kaffi. Na kahawa hiyo haiendi peke yake. Huandamana na mkate mtamu wa mdalasini au wa hiliki. Kwa hiliki Waswidi wana uchu mkubwa. Wako wadaio kuwa Waviking ndio walioileta kutoka Konstantinopoli, lakini hadithi hiyo haina ushahidi.

KARAFUU HUTUMIKA VIPI LEO

Sasa tuingie katika jambo letu. Kwanza ni hizo pepparkakor, zitiwazo unga wa karafuu, mdalasini na tangawizi. Wana msemo kuwa mwenye kula biskuti hizo huwa mpole, na wazee huutumia kwa watoto watukutu. Pili ni glögg, mvinyo wa moto utiwao karafuu nzima, mdalasini, hiliki na ganda la chungwa; iko pia isiyo na kileo, ifanywayo kwa maji ya matunda. Tatu ni machungwa ya pambo: huchomekwa karafuu nzima kwa mistari na nakshi, yakatundikwa dirishani ili nyumba inukie. Nne ni achari: viazi vyekundu vya bitiruti na samaki wa heringi, jamaa ya dagaa wetu, huwekwa katika siki na sukari pamoja na viungo, na karafuu mara nyingi huwamo. Tano ni supu na kabeji nyekundu, ambamo kitunguu huchomekwa karafuu mbili tatu kikachemshwa.

Wanachama watakaopenda kujaribu biskuti hizo wachukue siagi gramu 150, sukari robo kilo, shira au asali desilita 1 na maji desilita 1. Wapashe moto sukari, shira na maji mpaka sukari iyeyuke, watie siagi, kisha mdalasini wa unga kijiko kikubwa kimoja, tangawizi kavu kijiko kikubwa kimoja na karafuu ya unga nusu kijiko kikubwa. Mchanganyiko ukipoa, watie magadi soda nusu kijiko kikubwa na unga wa ngano zaidi kidogo ya nusu kilo. Donge lilale usiku mzima mahali pa baridi. Asubuhi lisukumwe jembamba sana, likatwe na kuokwa kwa moto wa digrii 200 dakika tano hivi. Atakayezidisha karafuu atajuta, kwani hushinda vyote vingine.

MAFUNZO KWETU

Wageni hawajaacha kuingia katika jiko la Waswidi. Pizza huhesabiwa kuwa ilifika 1947 katika kantini ya kiwanda cha ASEA mjini Västerås, walikofanya kazi Waitaliano. Wahamiaji wa baadaye wakaitia nyama ya kebab juu yake, na sasa pizza ya kebab ni chakula ambacho Mswidi akiwa ng'ambo hukitamani. Baada ya miaka mia moja huenda nayo ikaitwa ya mababu.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka. Pilau yetu, sambusa, chapati na mbatata vyote vilikuja na mtu. Mkarafuu wenyewe ni mgeni katika ardhi hii, na haujatimiza miaka 250. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tuache falsafa, tutazame biashara.

Funzo la kwanza ni kuwa mteja wa jikoni hununua kidogo lakini haachi. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Indonesia ilivyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, na jinsi katika miaka ya 1980 ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe, bei ikaanguka na mashamba mengi yakaachwa yakamezwa na magugu. Mnunuzi mmoja mkubwa akiondoka, huondoka na kila kitu. Familia ya Kiswidi haihitaji zaidi ya kijiko kimoja au viwili kwa mwaka, lakini itakihitaji kila Desemba, na mtoto aliyelelewa kwa harufu hiyo atakitaka akiwa babu. Hatusemi kuwa Uswidi pekee yaweza kununua mazao yetu. Nchi hiyo ni ndogo. Twasema kuwa nyumba za namna hiyo ziko katika nchi nyingi za Ulaya, na haba na haba hujaza kibaba.

Funzo la pili ni kuwa mteja huyo ana pa kwenda. Kuna Indonesia, Bukini, Komoro na Sri Lanka. Tena kuna kiungo kiitwacho kryddpeppar, punje za duara kutoka Jamaica, ambazo Waswidi huzitia katika kababu na samaki wa siki. Punje hizo zina mafuta yale yale ya yujenoli yaipayo karafuu ukali wake. Karafuu yetu ikiwa mbovu, mpishi hatapiga kelele wala kuandika barua; atanyoosha mkono kwenye chupa ya pili.

Funzo la tatu ni juu ya vichwa. Karafuu ya kusagwa yaweza kuwa imevunjika, lakini ile ichomekwayo katika chungwa au katika kitunguu ni lazima iwe nzima, kichwa chake kikiwa mahali pake, maana bila kichwa si msumari tena. Vichwa hukatika kwa kuchambuliwa kwa pupa, kwa kukanyagwa jamvini, na kwa kuanikwa zikakauka kupita kiasi. Karafuu iliyolundikwa mbichi usiku kucha huchachuka, ikawa nyeupe na nyepesi, mafuta yakapotea. Iliyoanikwa juu ya lami hunuka lami. Na makonyo yaliyochanganywa ili kuongeza uzito hugunduliwa mara moja, kwani nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria kali za chakula, na mzigo wenye uchafu waweza kurudishwa kutoka bandarini.

Basi tunawaomba wanachama wote, msimu ukifika: chumeni vikonyo vikiwa vimejaa lakini kabla havijafunguka maua; chambueni siku ile ile; anikeni juu ya majamvi safi au sakafu safi, mkizigeuza; na msifunge gunia mpaka karafuu ivunjike kwa sauti ukiikunja kwa vidole. Makonyo yauzwe peke yake kama makonyo.

Mwenye kuipokea huko hatujui jina, wala hatakuja kututembelea. Atakachokijua juu yetu ni kile tu kitakachokuwa ndani ya kichupa chake.